Mirathi ya wanamapinduzi: nani analipa madeni ya marehemu?

#1 Mjukuu wa Manamba (mleta uzi)

Wanajamvi, heshima kwenu.

Juzi baada ya Isha tulikuwa barazani Ngamiani, barabara ya 8. Kijana mmoja fundi pikipiki alikuwa amevaa fulana yenye picha ya Thomas Sankara, akawa anatuonyesha kwenye simu hotuba za Kapteni Ibrahim Traoré. Mzee mmoja wa chama tawala akasema hatuna haja ya kwenda Burkina Faso kutafuta mwanamapinduzi, wetu tunaye na chama chake kipo. Mwingine, mtu wa upinzani, akamjibu kwamba Mwalimu Nyerere angefufuka leo angekaa upande wao. Wakabishana mpaka muuza kahawa akatua birika chini ili asikilize.

Aliyetunyamazisha ni maalimu mmoja anayesomesha watoto mtaani kwetu. Aliuliza: "Mtu akifa, kinaanza nini?" Tukajibu kama tulivyosomeshwa: kwanza mazishi, kisha madeni, kisha wasia, mwisho ndipo warithi wagawane. Akasema, "Basi nyinyi mmeanza na kugawana." Akaaga, akaondoka.

Tangu usiku ule neno hilo halijanitoka, nimeona nililete hapa. Ni refu, mnivumilie.

Nianze nyumbani. Babu yangu alikuja Tanga kama manamba, kibarua wa mkataba, aliandikishwa Songea, akakata mkonge katika shamba moja upande wa Muheza. Kazi ilihesabiwa kwa matita. Siku ambayo matita hayakutimia, kipande, yaani kadi ya kazi, hakikutiwa alama, na jasho la siku hiyo likawa la bure. Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni kama yeye: Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza mwaka 1893, na katika vichipukizi 1,000 vilivyotoka Florida vilifika hai 62 tu, vikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 nchi hii ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka na kuongoza duniani. Kwa hiyo Azimio la Arusha lilipotangazwa tarehe 5 Februari 1967, na mashamba makubwa ya mkonge yakatiwa mikononi mwa serikali mwaka huohuo, kwa watu wa Tanga halikuwa jambo la kusikia redioni tu. Babu alikuwa akitusimulia kwamba katika yote yaliyosomwa alishika neno moja, "kunyonywa". Miaka yote alikuwa anafanyiwa kitu asichojua kama kina jina.

Leo Azimio likitajwa watu wanakumbuka mabenki na mashamba kutaifishwa. Sehemu isiyotajwa majukwaani ni ya miiko. Ilisema kiongozi wa TANU au wa serikali awe mkulima au mfanyakazi; asiwe na hisa katika kampuni yoyote; asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari; asipokee mishahara miwili; asiwe na nyumba ya kupangisha. Na ilimfunga pamoja na mkewe au mumewe, ili mtu asijifiche nyuma ya jina la mwenzake. Hebu isomeni tena taratibu, halafu mtazame mnaowajua.

Nini kilitokea? Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar, ikailegeza miiko ile. Hisa zikaruhusiwa, nyumba za kupangisha zikaruhusiwa, kipato zaidi ya kimoja kikaruhusiwa. Neno ujamaa halikuguswa. Mpaka leo Ibara ya 3 ya Katiba yetu inasema hii ni nchi ya kijamaa, na Ibara ya 9 inataja siasa ya Ujamaa na Kujitegemea. Jina limebaki ukutani. Kilichotoka ni kamba iliyofunga mkono wa kiongozi.

Kwa upande wa pili, mwaka 2015 ACT-Wazalendo walitoa Azimio la Tabora, wakasema wanalihuisha la Arusha, na habari ya miiko wakairudisha mezani. Hilo nawapa haki yao. Ila chama ambacho hakijashika dola hakijafikia mahali pa kujinyima kitu, kwa hiyo hapo hatuwezi kuhukumu bado.

Hoja yangu ni hii. Harakati yoyote ikijiita mrithi wa mwanafikra fulani, tusihangaike na picha wala nyimbo. Tutafute ni sehemu gani ya fikra zake imeachwa nyuma. Kila nilipotafuta nimekuta imeachwa ileile, ile inayombana anayeongoza.

Nawasilisha. Mwenye hoja aje nayo.

#2 Makorora Kwetu

Kaka, shikamoo. Mimi ndiye yule wa fulana. Nimeona nijibu hapa, barazani nilipandwa na hasira.

Mimi nina miaka 24. Tangu nipate akili nasikia wakubwa wakisema "viongozi wote ndio walewale." Halafu siku moja nikakutana na habari za Sankara. Kapteni wa miaka 33 anashika nchi tarehe 4 Agosti 1983. Mwaka mmoja baadaye jina la kikoloni, Volta ya Juu, linafutwa na nchi inaitwa Burkina Faso, nchi ya watu waadilifu. Mwaka huohuo wa 1984 watoto zaidi ya milioni 2 wanachanjwa ndani ya wiki chache. Magari ya kifahari ya serikali yanauzwa na mawaziri wanapanda Renault 5. Julai 1987 anasimama Addis Ababa mbele ya marais wenzake na kuwaambia tukatae kulipa madeni ya wakoloni kwa umoja wetu, kwa sababu akikataa peke yake hatakuwepo mkutano unaofuata. Na kweli hakuwepo. Miezi mitatu haikutimia, wakamuua.

Sasa niambie, kijana kama mimi nikimwona Traoré, aliyeshika nchi Septemba 2022 akiwa na miaka 34, jeshi la Ufaransa linaondoka 2023, migodi kadhaa ya dhahabu inaingia mikononi mwa serikali, barabara ya Charles de Gaulle mjini Ouagadougou inapewa jina la Sankara, kaburi la Sankara linajengewa jumba la heshima lililofunguliwa Mei 2025, nisifurahi? Maalimu alisema kinaanza mazishi. Huyu amezika. Wengine wote walikuwa wapi?

#3 Mjukuu wa Manamba (mleta uzi)

Marahaba mdogo wangu. Umesema vizuri na la mazishi umenishinda. Nilipitie kidogo maana ni zito.

Tarehe 15 Oktoba 1987 Sankara aliuawa pamoja na wenzake 12, wakafukiwa usiku kwenye makaburi ya Dagnoën bila heshima yoyote. Aliyeshika nchi siku ileile ni rafiki yake, Blaise Compaoré. Jambo la kusikitisha ni kwamba Compaoré hakusema ameyakana mapinduzi. Alisema anayarekebisha, akauita utawala wake "Urekebishaji", yaani alijipa urithi wa mtu aliyemtoa roho. Akakaa miaka 27. Nilimpelekea maalimu habari hii jana, akanijibu kwa sentensi moja: muuaji hamrithi aliyemuua, hiyo ndiyo sheria na haina mjadala. Oktoba 2014 watu wa Ouagadougou walimwondoa Compaoré kwa maandamano, na picha walizobeba zilikuwa za Sankara. Mabaki ya mwili yakafukuliwa 2015, Aprili 2022 mahakama ya kijeshi ikamhukumu Compaoré kifungo cha maisha akiwa hayupo, na Februari 2023 Sankara akazikwa upya palepale alipouawa. Kwa hiyo ndiyo, chini ya Traoré amezikwa. Nakubali kabisa.

Nenda sasa kwenye deni. Sankara alitangaza mali zake hadharani, kila mtu akajua ana nini nyumbani. Wakubwa walioshtakiwa kwa wizi walihojiwa mbele ya watu na redio ikirusha. Deni aliloliacha ni kwamba mwenye madaraka awe wazi mbele ya raia. Je, hilo linalipwa? Utawala wa mpito wa Traoré ulikuwa uishe Julai 2024. Mei mwaka huo ukaongezewa miaka mitano. Wakosoaji wake, waandishi wa habari wakiwemo, wamekamatwa na kupelekwa kwa nguvu mstari wa mbele wa vita. Najua nchi ile ina vita vya kweli na watu wanakufa vijijini kila wiki. Najua pia kwamba Ufaransa haikuwa inawasaidia kwa mapenzi. Lakini mwandishi anayevalishwa gwanda kwa sababu ameuliza swali, huyo sitampeleka kwenye hesabu ya Sankara nikasema ni malipo.

Na nisimtakase Sankara pia. Machi 1984 walimu waligoma, akafukuza zaidi ya elfu moja. Nao walikuwa watu wenye watoto.

Fulana yako usiivue. Nataka tu uwe unajua yaliyoandikwa upande wa nyuma.

#4 Bint Handeni

Naomba niingie kama mwanamke wa bara kidogo, maana nyinyi wa mjini mnazungumza kama Azimio liliishia kwenye mkonge.

Bibi yangu alikuwa na shamba la mahindi na miembe aliyoipanda mamake. Mwaka 1974 walikuja watu wakawaambia wahame, kijiji kipya kiko barabarani. Waliochelewa nyumba zao ziliezuliwa. Bibi alibeba kinu na mtoto mgongoni, huyo mtoto ndiye mama yangu. Mahindi yalibaki shambani yakaliwa na nguruwe. Mpaka anafariki alikuwa akielekeza mkono upande wa miembe ile kila msimu wa maembe.

Mwanzoni kuishi vijiji vya ujamaa kulitakiwa kuwe kwa hiari. Mwaka 1973 ikawa amri, na mamilioni ya watu nchi nzima wakahamishwa ndani ya miaka michache. Sasa kaka Mjukuu wa Manamba, wewe umesema madeni ya marehemu ni yale aliyoahidi. Kwetu sisi deni la marehemu maana yake ya kwanza ni watu anaodaiwa. Msibani mtu husimama akasema: mwenye kumdai marehemu ajitokeze, aseme kwa familia. Mimi najitokeza kwa niaba ya bibi. Wanaojiita warithi wa Mwalimu, wa chama tawala na wa upinzani, hakuna hata mmoja niliyewahi kumsikia akiuliza kama kuna anayedai.

Sisemi haya kwa chuki. Mama yangu alisoma kwa sababu ya shule ya kijiji kile kile, bila karo. Dada zake wakubwa walikuwa hawajui kusoma, wakajifunza kwenye madarasa ya watu wazima. Nampenda Mwalimu. Ndiyo maana nataka deni lake lijulikane.

#5 Mjukuu wa Manamba (mleta uzi)

Dada, nimesoma hapa nikasimama nikatoka nje kwanza. Mungu amrehemu bibi.

Umenirekebisha na nakubali mbele ya wote. Nilihesabu upande mmoja wa daftari. Na ukweli ni kwamba hata huku kwetu kwenye mkonge upande wa pili upo, nilikuwa sijautaja. Wafanyakazi wa bandari ya Tanga waligoma mwaka 1939, Mwingereza akiwa na bunduki zake, kabla TANU haijazaliwa. Wakata mkonge wakaja kuwa na chama chao cha wafanyakazi, nao wakagoma mara nyingi miaka ya 1950. Hao ndio walioifanya TANU iwe na nguvu mikoa hii. Tukapata uhuru Desemba 1961, na mwaka 1962 sheria mpya ikafanya mgomo wa halali uwe karibu hauwezekani. Mwaka 1964 shirikisho huru la vyama vya wafanyakazi likavunjwa, kikaundwa kimoja, NUTA, ambacho viongozi wake wakuu waliteuliwa na Rais. Kwa hiyo Azimio lilipokuja 1967 kumwambia babu kwamba amenyonywa, tayari alikuwa amenyang'anywa kitu alichokuwa akitumia kukataa kunyonywa.

Mashamba yalipokuwa ya umma, nyuzi za plastiki zikaja, bei ikaanguka, usimamizi nao ukawa mbovu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 katani ya nchi nzima haikufika tani 40,000. Miaka ya 1990 mashamba yakauzwa. Katika safari hiyo yote, kutaifisha na kuuza, mkata mkonge hakuulizwa hata mara moja.

Kwa hiyo naandika upya hoja yangu: madeni ni ya aina mbili, aliyoahidi na aliyodhulumu. Asante dada.

#6 Mvuvi wa Dunda

Nipo Bagamoyo. Mkuu mleta uzi, nami niongeze jirani.

Wazee wa hapa wanakumbuka vijana wa Msumbiji. FRELIMO, iliyoanzishwa Dar es Salaam Juni 1962, ilikuwa na shule yake ya sekondari hapa Bagamoyo miaka ya mwanzo ya 1970. Marehemu baba aliwauzia samaki. Alikuwa akisema wale vijana walilima chakula chao wenyewe, wa kike kwa wa kiume, mwalimu na mwanafunzi jembe moja. Samora Machel, kiongozi wao, ndivyo alivyotaka: kiongozi asile kabla ya watu wake.

Mkumbuke Eduardo Mondlane, kiongozi wa kwanza wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu, na Samora alikufa kwa ndege iliyoanguka Mbuzini, Afrika Kusini, tarehe 19 Oktoba 1986. Nchi nzima imejaa majina yao, barabara, sanamu, noti. Na FRELIMO haijawahi kutoka madarakani tangu 1975.

Sasa katika uzi wa madeni, hili linafaa. Mwaka 2013 na 2014 kampuni za dola ya Msumbiji zilikopa karibu dola bilioni 2 kwa siri, bunge halijui, wananchi hawajui. Ilipofichuka 2016 uchumi ukaanguka. Aliyekuwa waziri wa fedha, Manuel Chang, alitiwa hatiani New York mwaka 2024, na mtoto wa rais mstaafu Guebuza alifungwa Maputo. Wavuvi ndio walioumia zaidi moyoni, kwa sababu sehemu ya mkopo ule ilisemwa ni ya meli za kuvulia jodari. Mimi ni mvuvi, najua meli ya jodari inavyoonekana. Zile ziliishia kufungwa gatini.

Nasema hivi: kuna warithi wasiolipa madeni, na kuna warithi wanaokopa kwa jina la marehemu.

#7 Chaki na Ubao

Vijana, natoa salamu. Mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Chumbageni. Nimesoma wote, nimefurahi, lakini sikubaliani na msingi wa uzi huu na nitasema kwa nini.

Fikra hazirithiwi kama shamba la minazi. Shamba likigawanywa kila mmoja anapata kipande, na mwenye kipande ana haki ya kumfukuza mwingine. Fikra haina mpaka wa aina hiyo. Mkianza kutafuta mrithi halali mtafika mahali pa kutafuta nani mwenye haki ya kumtaja Nyerere na nani hana, na hapo ndipo watu huanza kufungwa.

Hilo nalijua kwa karibu. Nilikuwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, alikuwa anafundisha pale, ukumbi unajaa mpaka watu wanakaa madirishani. Kabla tu ya kufika kwangu kulikuwa na umoja wa wanafunzi wa kimapinduzi, USARF, na gazeti lao *Cheche*. Walisema wanataka ujamaa wa kweli, wakauchambua ule wa serikali. Novemba 1970 umoja ukafutwa, gazeti likafutwa. Na Mwalimu yu hai, ndiye Rais na ndiye Mkuu wa Chuo! Kwa hiyo ugomvi wa mirathi haukungoja kifo.

Tena wanafikra wenyewe hawapatani. Hugo Chávez wa Venezuela alibeba Simón Bolívar mkono mmoja na Karl Marx mkono mwingine. Lakini Marx mwaka 1858 aliandika makala ndefu ya kumponda Bolívar, alimwona mwoga na mpenda makuu. Wangekutana wasingesalimiana. Je, Chávez alikosea kuwaweka pamoja? Mimi naona hapana. Aliyehai ana haki ya kuchukua kinachomfaa na kuacha kisichomfaa. Frantz Fanon alikuwa mtu wa Martinique, akafa 1961 akiwa upande wa Algeria, hakuwahi kuishi Afrika Kusini. Bado vijana wa EFF, chama cha huko, tangu 2013 wanajiita wafuasi wa Marx, Lenin na Fanon, na sioni ubaya. Kitabu chake cha mwisho tulikisoma kwa Kiswahili hapahapa, kilichapwa Dar es Salaam miaka ya 1970. Kilikuwa chetu kama kilivyokuwa cha Waalgeria.

Mkiwalazimisha watu kulipa madeni yote ya marehemu ndipo wataje jina lake, mtabaki na makaburi tu.

#8 Raskazone 85

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma posti yako mara mbili. Niko upande wako nusu na upande wa mleta uzi nusu. Naweka kambi hapa.

#9 Mjukuu wa Manamba (mleta uzi)

Mwalimu wangu, shikamoo. Mtu aliyemsikia Rodney kwa masikio yake simjibu haraka. Nimelala nayo, ndiyo nakujibu leo.

Nakubali kwamba aliye hai ana haki ya kuchagua. Sitaki polisi wa fikra, na kwa habari ya *Cheche* ninaona hatari unayoisema. Hata hivyo, mwalimu, kuchagua kuna namna mbili. Unaweza kuacha sehemu ya mwanafikra kwa sababu umeipima ukaona haifai, ukasema wazi: hapa Nyerere alikosea, vijiji vya amri havikuwa sawa, hatutarudia. Huyo ndiye ninayemtafuta. Na unaweza kuacha sehemu kimyakimya, kwa sababu inakukaba wewe mwenyewe, huku jina ukiendelea kulitumia. Mwenye jina anaendelea kukuletea heshima, na wewe umeshachana hati.

Nichukue Venezuela uliyoitaja. Katiba ya 1999, ile iliyobadilisha jina la nchi ikaitwa Jamhuri ya Kibolívar, iliweka kifungu kwamba rais akifika nusu ya muhula, wananchi wakikusanya saini za kutosha, apigiwe kura ya kuondolewa. Kifungu cha kumbana kiongozi, kimeandikwa na harakati yenyewe. Agosti 2004 wapinzani walikusanya saini, Chávez akaingia kwenye kura, akashinda. Huo mimi nauita ulipaji. Mwaka 2016 wapinzani walikusanya saini tena dhidi ya mrithi wake, Nicolás Maduro, na Oktoba mamlaka ya uchaguzi ikasimamisha zoezi lote. Picha za Bolívar zilikuwa palepale ukutani, na za Chávez zimeongezwa.

Na mwingine unamjua kuliko mimi, mwalimu, maana alipita Mlimani kabla yako kidogo. Yoweri Museveni alikuwa mwenyekiti wa USARF hiyohiyo. Aliandika tasnifu yake juu ya Fanon na vita vya ukombozi Msumbiji. Alipochukua nchi mwaka 1986 alisema tatizo la Afrika ni viongozi wanaong'ang'ania madaraka. Ukomo wa mihula uliondolewa 2005. Ukomo wa umri ukaondolewa 2017. Fanon katika kitabu kile ulichokisoma anaeleza kwa kirefu kiongozi aliyekuwa mpiganaji, ambaye kazi yake baada ya uhuru inakuwa kuwakumbusha watu historia ya vita ili walale. Aliandika kabla Uganda haijapata uhuru. Mwanafunzi alikisoma kitabu vizuri sana, nadhani, na ukurasa huo akauruka.

Kenya sitakaa sana, ila kwa habari ya mazishi imo. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alinyongwa na Mwingereza tarehe 18 Februari 1957. Mau Mau ilibaki marufuku mpaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Mwaka 2007 akasimamishiwa sanamu katikati ya Nairobi, viongozi wakapiga picha. Alizikwa Kamiti na mpaka leo kaburi halijaonyeshwa. Kila serikali na kila harakati pale imelitumia jina lake, na marehemu hajazikwa na watu wake.

Kwa hiyo mwalimu simzuii mtu kutaja jina. Namuuliza tu: hiyo sehemu inayokubana wewe, umeiacha kwa hoja au umeiacha kwa raha?

#10 Bint Handeni

Mwalimu Chaki na Ubao na kaka Mjukuu, nyote mmezungumza juu ya viongozi. Mimi narudi kwa bibi. Compaoré, Museveni, Maduro, hao wanaweza kuhukumiwa na historia. Bibi alitaka mtu mmoja tu wa kata aje akae kwenye mkeka amwambie, "Mama, pale tulikukosea." Ingechukua dakika kumi. Hiyo nayo ni siasa.

#11 Chaki na Ubao

Binti yangu, mimi nilikuwa mwalimu kijana mwaka 1974. Shule yetu ilipewa kazi ya kuhamasisha. Niliwaimbisha watoto nyimbo za vijiji vya ujamaa huku wazazi wao wakibeba magodoro. Niliamini, na sehemu kubwa bado naamini. Lakini hilo la kukaa mkekani sikulifanya kwa mtu yeyote, na sikuwahi kufikiri kwamba ninadaiwa mimi. Bibi yako hayupo. Nakuomba msamaha wewe.

Mleta uzi, swali lako la hoja au raha nimelikubali. Mengine tutaendelea kubishana.

#12 Bint Handeni

Mwalimu, nimepokea. Nimemsomea mama ujumbe wako. Ameniambia nikuandikie kwamba shule ilikuwa nzuri.

#13 Makorora Kwetu

Kaka Mjukuu, sijawahi kulishika Azimio lenyewe mkononi. Shuleni tulikariri mwaka na mahali tu, kwa ajili ya mtihani. Linapatikana wapi?

#14 Mjukuu wa Manamba (mleta uzi)

Ni kijitabu chembamba, utashangaa. Cha baba ninacho, kurasa zimekuwa za njano na jalada limeshonwa na uzi wa katani. Alikipata kwenye darasa la watu wazima, na alikuwa akimsomea babu jioni. Kwenye sehemu ya miiko amepigia mistari kwa penseli, na pembeni ya kipengele cha nyumba za kupangisha ameandika jina la mtu mmoja wa hapa mjini. Jina hilo silitaji.

Nimezungumza na maalimu. Alhamisi baada ya Isha, barazani palepale barabara ya 8, tutalisoma kwa sauti kutoka mwanzo, tukibadilishana. Kijana wa Makorora utaanza wewe. Mwalimu Chaki na Ubao, nitakufuata Chumbageni na pikipiki saa mbili kasorobo. Dada wa Handeni, ukishuka Tanga kabla ya hapo njoo na mama; baraza ni la wanaume kwa mazoea, lakini nimeshaongea na wenye nyumba, viti vitatolewa nje.